Kontena la Ekstensheni

Uriel Pinnock aliuchuna kwa kisu ule waya ulioungua, akausogeza kwenye sumaku. Ukanata.

Shaba hainati. Huu ulikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, chembamba kama uzi wa kushonea viatu. Polisi walikuwa wameuleta asubuhi kwenye mfuko wa nailoni, kutoka vilima vya Saint Thomas. Jenereta ilikuwa nje, friji ndani, na ekstensheni hiyo katikati. Mwenye nyumba iliyoteketea, Icilda Brissett, muuza samaki wa kukaanga, walimtambua kwa meno.

Kwenye plagi, namba ya cheti cha ubora ilisomeka bado. Aliyekitoa cheti ni Pinnock.

Mpimaji hutakiwa aende bandarini Kingston, afungue kontena, achague sampuli kwa mkono wake. Lakini kimbunga kilikuwa kimelaza nguzo za umeme nusu ya kisiwa, watu wanalilia umeme, na mwagizaji wa ekstensheni akaileta sampuli mwenyewe hadi maabara. Pinnock akaipima. Shaba tupu. Akagonga muhuri.

Bosi wake, Bi Vinnette Lawes, hakufoka. Alifunga mlango, akamweleza taratibu kwamba fomu ya bandarini bado iko wazi, na inaweza kujazwa kwa tarehe ya siku ile ya upimaji.

"Umebakiza miezi saba ustaafu, mzee wangu. Usijifanye malaika leo."

"Nikiandika nilichagua kontenani, cheti kinasimama. Itakuwa waya mmoja mbovu, basi. Zilizobaki zitaendelea kuuzwa."

"Na ukiandika vingine unaondoka mikono mitupu. Mkeo umeshamwambia?"

Pinnock akaivuta fomu. Penye nafasi ya sampuli ilikotoka aliandika: *Nililetewa mezani.* Akatia tarehe ya leo. Bi Lawes aliisoma fomu, akapiga simu cheti kifutwe.

Alasiri Pinnock alishuka basi Saint Thomas, akaingia duka la vifaa, akaulizia ekstensheni za aina ile.

"Umechelewa, baba," muuzaji akasema. "Katoni thelathini, zimeisha tangu Jumanne. Zimepanda zote milimani."

Akamuuliza kama aliandika majina ya wanunuzi. Muuzaji akacheka.

"Kwani nauza bunduki?"

Pinnock alitoka, akasimama barabarani. Giza lilikuwa linaingia. Huko juu jenereta moja ikakohoa, ikashika, nyingine ikaitikia, na madirisha ya milimani yakaanza kuwaka: moja, matatu, kisha mengi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Akaanza kupanda kuelekea dirisha lililo karibu.