Asilimia Themanini na Sita

Itangazwe kwa wakazi wote wa Pangani, wa mjini na wa Bweni ng'ambo ya mto, wenye kusoma na wenye kusomewa, kwamba siku ya tisa ya eda ya Bi Mastura, saa nne kasorobo asubuhi, maendeleo yaliingia rasmi katika nyumba ya marehemu Yaqoub. Yaliingia nyuma ya baiskeli ya muuza dagaa, yamefungwa kwa mpira, kwa kuwa gari lililoyaleta kutoka Mombasa lilikuwa limeyatupa stendi na kwenda zake. Boksi lilinuka dagaa siku mbili.

Ndani yake mlikuwa na kompyuta mpakato, ambayo watu wenye haraka huiita laptopu. Yaqoub aliiagiza mwenyewe. Ilikaa mpakani Horohoro ikingoja karatasi za forodha, yeye akafa kwa moyo, na hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Mastura aliifurahia kuliko ilivyompasa mjane, kwa sababu alikuwa na haja nayo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona sare za shule kwenye cherehani ya miguu, na ghorofa ya juu ya nyumba ile, yenye roshani ya kutazama mto, ilitoka kwenye cherehani hiyo, tofali kwa tofali. Lakini hati ya nyumba ilikuwa na jina la Yaqoub peke yake. Siku zote alisema atamwandika na mkewe. Kila akikumbushwa, alikuwa na jambo moja dogo la kumaliza kwanza. Hawakujaliwa mtoto. Sasa Hashil, mdogo wake marehemu, alikuwa anaitaka nyumba, na Mastura alikuwa na siku tisini tangu siku ya kifo kudai sehemu yake. Ofisi inayohusika haikupokea tena karatasi. Ilipokea fomu ya kwenye intaneti tu.

Shekhe alikuwa amesema mjane anaweza kutoka mchana kwa dharura, akarudi kabla ya magharibi. Hashil alisimama nyuma ya pazia la sebuleni, kama adabu inavyotaka, akasema:

"Shemeji, dharura iko wapi na laptopu imo ndani? Tulia. Ni kwa usalama wako."

Basi akaitwa Lina, binti yake Hashil, aliyekuwa likizo. Lina alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Lushoto, ambako alisifika kwa alama za juu za somo la kompyuta na kwa barua tatu za onyo, moja ikiwa ya kusogeza mbele saa ya kengele hadi shule nzima ikala chakula cha usiku saa tisa mchana.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uniwashie hili jini."

Lina akaiweka mezani, siyo kitandani, maana godoro huziba matundu ya hewa. Akaiunganisha na chaji. Kompyuta ikauliza lugha, wakachagua Kiswahili. Ikauliza nchi, wakaijibu. Ikawaonyesha masharti ya kurasa arobaini, na Mastura akataka kuyasoma yote.

"Mamkubwa, haya hakuna anayeyasoma. Unabonyeza 'Nakubali'."

"Hata wewe hujui umekubali nini?"

"Hata aliyeyaandika hajui."

Wakakubali. Kisha ikauliza jina la mwenye kompyuta.

"Andika Yaqoub," alisema Mastura.

Lina akamtazama.

"Nini? Andika Yaqoub."

Luku ya umeme, maji, kadi ya msikiti, hati ya nyumba: mkono wa Mastura haukuwa umewahi kujaza mstari huo kwa jina lingine. Lina akaandika. Skrini ikasema: Karibu, Yaqoub.

Iliyobaki ilikuwa nywila. Lina akaeleza kwamba isiwe jina la mtu, wala tarehe, wala namba ya simu, na kwamba asiambiwe mtu yeyote, hata ndugu. Mastura akachagua vipimo vya sketi ya kidato cha kwanza, kiuno na urefu, na jina la kitambaa. Halafu wakaifungua fomu wakaijaza hadi Lina akapiga miayo. Ilibaki picha ya risiti moja ya saruji, na risiti haikuonekana.

"Tutaituma kesho," alisema Mastura. "Siku ziko nyingi."

Alasiri ile Yaqoub akaja.

Alipiga hodi, na Mastura akasema karibu kabla hajafikiri. Alivaa shati lake la mikono mifupi la enzi za ukarani wa shamba la katani, na miguu ilikuwa na udongo mbichi, kwa hiyo Mastura akamtandikia gunia. Akatoa pamba puani ili aweze kusema, akaitafutia pa kuiweka, na Mastura akamsogezea kisahani cha kahawa.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika."

Akavuta kiti, akachukua kijitabu cha maelekezo, akaanza ukurasa wa kwanza, kama alivyosoma kila kitu maishani. Mastura alimsikiliza akisoma kwa sauti: usiifunike matundu, usiiweke karibu na maji, usichomeke kifaa usichokijua, ifunge kila unapoondoka. Magharibi ilipokaribia akachukua pamba yake na kwenda.

Kesho yake asubuhi, Lina akiwa ameshapanda basi la alfajiri kurudi shule, Mastura aliiamsha kompyuta na kukuta fomu imetoweka. Skrini nzima ilikuwa bluu, na katikati kulikuwa na duara la vitone na maneno meupe: Inasasisha. Asilimia 0. Usizime kompyuta yako.

Hakuizima. Yaqoub alipokuja alasiri, alisogeza uso karibu, akasoma maneno yale mara mbili.

"Hii ni kwa usalama," alisema. "Ikikatizwa, kila kitu kinapotea. Subiri imalize."

Siku iliyofuata ilikuwa asilimia moja. Iliyofuata, mbili.

Yaqoub alikuja kila alasiri kuangalia imefika wapi. Mtaa ukamzoea upesi. Semeni, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa akimletea Mastura mboga na habari, na alimkuta Yaqoub pale siku ya tatu.

"Mwenzangu, wewe una bahati," alimwambia Mastura jikoni. "Wako amekufa na alasiri yuko nyumbani. Wangu mzima, namwona Ijumaa."

"Anakuja kwa ajili ya kompyuta."

"Si haba. Wangu haji hata kwa ajili ya pweza."

Semeni ndiye pia aliyekwenda kumuuliza Shekhe kama eda inasihi wakati mume anarudi nyumbani kila siku. Shekhe akafikiri, akasema eda ni ya kifo, na kifo hicho hakina shaka, kwani yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea na bado anaukumbuka uzito wake. Siku ziendelee kuhesabiwa.

Umeme ulikatika mara nyingi kipindi kile, mara moja siku mbili mfululizo. Kompyuta haikuzimika. Semeni akasema ni betri nzuri.

Mastura alijaribu kuzungumza na mumewe kuhusu nyumba. Alimwambia kwamba Hashil amekuja na mtu wa kupima vyumba. Alimwambia kwamba jina lake halimo kwenye hati.

"Najua," alisema Yaqoub, macho kwenye skrini. "Hilo nalitengeneza. Kwanza hii imalize."

"Ulisema hivyo ukiwa hai."

"Na ningelitengeneza," alisema, bila kukasirika.

Siku ya hamsini Hashil alikaa barazani, akamwamkia kaka yake kupitia dirisha, akamuuliza hati ya nyumba ilipo. Yaqoub hakuwa mtu wa kuficha jambo aliloulizwa.

"Kabatini. Droo ya pili, chini ya mashuka. Mastura, mpe. Ni ndugu yangu."

Mastura akaenda kabatini. Kisha akaifungua droo, akaipitisha hati dirishani, kwa sababu aliyesema ni mwenye jina lililoandikwa juu yake. Hashil akashukuru, akamuuliza kaka yake kama kule kuna baridi. Yaqoub akasema si sana.

Siku ya themanini na tisa Semeni aliingia na baibui lake na la kuazima.

"Vaa. Twende huko ofisini kwa miguu yetu, tukaseme na mtu mwenye mdomo. Shekhe ameruhusu."

"Fomu iko humu ndani. Wa ofisini walisema ikianzwa kwenye mashine moja haifunguki kwenye nyingine. Kwa usalama."

"Basi tuwaambie hivyo hivyo! Tulie hapo hapo, wapate aibu. Shoga, kesho ndiyo mwisho!"

Mastura alikuwa ameshatia mkono mmoja kwenye baibui hodi ilipopigwa. Yaqoub akaingia, akaweka pamba kwenye kisahani, akatazama skrini.

"Sabini na tisa," alisema. Akamwona mkewe na baibui nusu mwilini. "Imefika sabini na tisa, Mastura. Sasa ndiyo utaiacha?"

Akauvua ule mkono mmoja. Semeni akalikunja baibui polepole, akaondoka bila kuaga, na hakuja siku mbili.

Siku ya tisini ikapita. Ilikuwa Jumanne. Mastura alikaa mbele ya duara la vitone tangu asubuhi, leso kichwani, mikono mapajani. Ilifika themanini, na siku hiyo haikufika zaidi.

Wiki iliyofuata mafundi wa Hashil walianza kupaka rangi ghorofa ya juu. Walipita ngazi ya nje, wasimuone mjane. Harufu ya rangi ilishuka hadi sebuleni, na Mastura akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kudarizi, akiacha matundu wazi.

Siku ya tisini na sita Lina akarudi likizo, akaja kusalimia.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekua. Kaa."

Lina hakukaa. Alikuwa anaitazama skrini, asilimia themanini na sita, na mdomo ulikuwa wazi kidogo.

"Imekwenda vizuri," alisema Mastura. "Lakini nilitaka kukuuliza wewe mwenye elimu. Kulikuwa na njia ya kuisimamisha?"

Lina akasema hapana. Lakini jicho lake likateleza, mara moja tu, kwenye kitufe cha pembeni kabisa, juu kushoto, na kurudi. Mastura alikuwa amefundisha wasichana ushonaji miaka mingi. Alilijua jicho la mtu aliyeficha sindano. Akanyoosha kidole, akakibonyeza.

Bluu ikaondoka. Fomu ilikuwa pale pale, imejazwa yote, inangoja picha moja. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu: Muda wa kuwasilisha umekwisha.

Hapa msimuliaji wenu anaomba kusimama, kwa sababu hana tena pa kujificha. Lina ni mimi. Nimemwandika kama mtu mwingine kwa kuwa nilidhani nitafika mwisho bila kuonekana, kama nilivyofanya kwenye saa ya kengele, na pale pia nilionekana.

Haikuwa ikisasisha chochote. Ilikuwa picha. Niliitengeneza usiku wa kuamkia safari, mamkubwa akiwa amelala, nikaitandaza juu ya skrini ili mamkubwa ashtuke, nami nimpigie simu njiani, nimwambie abonyeze kitufe kile, tucheke. Basini nikalala. Shuleni wakachukua simu zetu. Kisingizio hicho kinatosha kwa siku moja, labda mbili. Siku ya kutembelewa baba alikuja na halua. Akaniambia kwamba laptopu ya mamkubwa imefika thelathini na bado inajisasisha, akacheka, halafu akasema chumba cha juu chenye roshani kitakuwa changu. Nilijua wakati ule ule. Simu ya matroni ilikuwa hatua tano kutoka nilipokaa. Nikala halua.

Picha niliyoiweka ilikuwa ya sifuri. Imefikaje themanini na sita sijui, na hakuna aliyeniuliza.

Mamkubwa alisoma ule mstari mwekundu hadi mwisho. Nilingoja anipige. Aliinuka, akaenda kwenye dirisha, akasikiliza mafundi wakivuta ngazi juu ya dari aliyoijenga, akarudi.

"Irudishe," alisema.

"Mamkubwa, niandike barua, nitamwambia baba, nitasema ni mimi..."

"Baba yako anajua hesabu zake. Irudishe kama ilivyokuwa. Adhana ya alasiri imeshatoka."

Nikairudisha. Nilifungua ile picha, na ilifunguka yenyewe kwenye themanini na sita. Mamkubwa akatandika gunia, akafuta kisahani kwa ncha ya leso.

Hodi ikapigwa. Nikamwamkia baba mkubwa, akaitikia, akanishika kichwa, mkono wake baridi kama mtungi. Akatoa pamba, akakaa.

"Imefika wapi?"

"Themanini na sita," alisema mkewe.

"Inakwenda," alisema baba mkubwa, akaridhika. Akanigeukia. "Ile nywila hujamwambia mtu?"

Nikasema sijamwambia.

Mamkubwa amebakiwa na siku thelathini na nne za eda, na baada ya hapo atahamia chumba cha uani kwa Semeni, na cherehani yake. Rangi ya juu imekauka. Kwenye roshani, alasiri, mtu akinyamaza, husikia chini mwanamume akisoma maelekezo kuanzia ukurasa wa kwanza, na mwanamke akimwitikia naam kila anapopumzika.