Kijikufuli cha Fundi Rangi

Fundi Rangi alikuwa na mazoea ya kuficha mikono mifukoni. Si kwa baridi, wala si kwa maringo. Mikono ilikuwa inatetemeka, mwaka wa tatu sasa, na mtu aliyeheshimiwa kwa kazi ya mikono yake miaka arobaini hapendi watu waione ikicheza yenyewe bila ngoma.

Enzi zake alikuwa bingwa wa kutia rangi picha za nyeusi na nyeupe. Vifaa vyake vilikuwa visahani vya rangi, pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, na wembe. Kabla ya kupaka shavu alikata karatasi nyembamba kufuata umbo la uso, akaibandika pembeni ili rangi isivuke mpaka. Basi hapo mashavu yaliyokufa yalifufuka, na watu wakaja kutoka mbali kushangaa. Kisha mikono ikaanza vituko. Wembe ulimkata mara mbili ndani ya wiki moja, akafungia visahani vyake kwenye bati la biskuti na kutangaza kwamba amestaafu. Uongo mtupu. Mikono ndiyo iliyomwachisha kazi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku hizi alishinda kwenye studio ya binti yake, chumba kimoja chenye dirisha pana, kompyuta mbili, na printa iliyokohoa kabla ya kila kazi. Binti alitengeneza picha zilizochakaa. Mzee alikaa nyuma yake akijifanya anasoma gazeti, lakini macho yalikuwa kwenye skrini, na kimoyomoyo alikuwa amemvulia kofia zamani.

Wiki hiyo binti alikuwa na kazi ya nyumbani kwao. Mama mdogo wake, yaani mdogo wa marehemu mama yake, angekuja Jumamosi kuchukua picha ya dada yake, ile pekee iliyobaki ya ujana wake. Unyevu ulikuwa umeila vibaya. Binti alitumia siku tatu kumtoa mama yake kwenye ukungu ule, unywele kwa unywele, akamweka peke yake kwenye tabaka moja.

"Tabaka ni kama kioo, Baba," alieleza. "Mama yuko juu ya kioo. Pembeni yake hakuna kitu kabisa."

Pale pasipo na kitu, kompyuta ilikuwa imechora vimiraba vya kijivu na vyeupe. Mzee alisogeza kiti. Juu ya sikio la kushoto zilisimama nywele nne tano zilizochomoka, zile zilizokataa kitana maisha yote. Alizifahamu vizuri. Kila alipotia rangi picha ya mkewe, karatasi yake ilizifyeka, maana hakuna wembe duniani unaoweza kufuata unywele. Na kila mara mkewe aliitazama picha, akamtazama yeye, akasema, hata mbele ya mdogo wake, "Umeninyoa tena."

"Hizi hukuzikata," mzee alisema.

"Nizikate? Si ndiye Mama mwenyewe huyo!"

Binti alimgeukia. "Kilichobaki ni rangi, na utapaka wewe. Ngoja nikafuate wino wa printa, nikirudi nitakuonyesha namna."

Angesubiri, hadithi ingeishia hapo. Lakini fundi wa miaka arobaini asubiri kuonyeshwa namna ya kupaka shavu? Mlango ulipofungwa tu, alitoa mikono mifukoni, akachukua karatasi na mkasi. Alikata kwa tabu, ulimi ukiwa nje, hadi likatokea tundu lenye umbo la mkewe. Akaibandika ile karatasi kwa selotepu juu ya skrini. Ndiyo, juu ya skrini. Kisha akashika ile kalamu ya plastiki ambayo binti huitumia juu ya kibao cha kuchorea, akapaka waridi mashavuni na weusi wa joto nyweleni, akiwa na amani moyoni kwamba mpaka umelindwa.

Alipomaliza alihifadhi kazi na kuifunga, kwa sababu binti alimsisitizia kila siku, hifadhi kwanza ndipo uinuke. Akafungua tena ili ajisifu kidogo. Akabandua karatasi.

Waridi lilikuwa limesambaa hadi begani na nje ya bega. Weusi ulikuwa umezimeza zile nywele nne tano, pakabaki doa lisilo na kichwa wala miguu. Karatasi ilikuwa imemzuia yeye kuona, haikuizuia rangi kupita. Na kazi ikishahifadhiwa na kufungwa, hairudi nyuma; siku tatu za binti yake zilikuwa zimekwenda na maji.

Binti alimkuta amekaa, mikono imerudi mifukoni, karatasi yenye tundu la umbo la mtu imening'inia kwa selotepu moja.

"Nimemharibu mama yako," alisema.

Binti alitazama karatasi, akatazama skrini, akaelewa. Alianza kucheka, akaketi chini, akacheka hadi machozi yakamtoka. Baba mtu alinuna.

"Baba, nani alinifundisha kwamba negativu, ile filamu ya asili, haitoki ndani ya bati, kazi hufanyiwa nakala?"

"Mimi."

"Basi." Alibonyeza mahali, na chini ya uharibifu wote likajitokeza tabaka jingine lililofichwa, mama yuko safi, nywele zake zote zimesimama. "Hii ndiyo negativu yangu. Siigusi."

Kumbe yule mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akichezea visahani vyake alikuwa akisikiliza. Mzee alinyoosha mgongo kitini.

Binti alitoa nakala nyingine, kisha akamwonyesha kijikufuli kidogo pembeni mwa skrini. "Hiki kikifungwa, pasipo na kitu hapapokei rangi. Panaposhika ni pale alipo Mama tu. Ni karatasi yako hiyo hiyo, Baba, ila hii inafuata hata unywele. Haya, paka."

"Kwa mikono hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Iache itetemeke."

Mpako wa kwanza uliruka. Mkono ulitoka sikioni ukaingia kwenye vimiraba, na mzee akafumba macho. Alipofumbua, rangi ilikuwa imekomea ukingoni. Akarudia, safari hii kwa makusudi, akapitisha kalamu juu ya zile nywele zote kwa mkono unaoyumba. Kila unywele ulipokea rangi yake, na kati ya unywele na unywele hapakuingia hata tone. Alicheka peke yake. Hata mashavuni mtetemo haukumsumbua, kwa kuwa brashi laini ya kompyuta ilizungushwa vilevile kama pamba. Alipaka siku mbili, na binti hakugusa kalamu, ingawa vidole vilimwasha.

Jumamosi mchana mama mdogo alifika. Huyu alikuwa na jicho kali, kumridhisha ni kazi. Aliipokea picha bila salamu ndefu, akaenda nayo dirishani, akavaa miwani. Mzee alisimama nyuma, mikono mifukoni.

Mama mdogo alitazama sana. Kidole chake kikapanda hadi juu ya sikio la kushoto, kikatulia hapo.

"Nani kapaka?"

"Baba," binti alijibu.

Mama mdogo aligeuka. Alijua habari ya mikono, kama ukoo mzima ulivyojua.

"Shemeji," alisema, "leo hujamnyoa."

Akamnyooshea ile picha aitazame. Fundi Rangi alitoa mikono yote miwili mifukoni, akaipokea mbele yao, na picha ikatetemeka mikononi mwake, naye hakuificha mikono.