Mashini Mbili Juu ya Meza ya Kaudha

…ile ndogo, bila shaka ile ndogo, inatosha mezani petu, inakula umeme kidogo, na huyu Kaudha mwenye duka ameapa kwamba hata mtoto wa darasa la pili anaiweza, unabonyeza herufi, unabonyeza kata, stika inatoka, na mimi nilifika la sita kule Uvira kabla baba hajaona kwamba mbuzi wanahitaji mchungaji kuliko mimi kalamu, basi nitaiweza, lakini mbona anaongea haraka hivi, jajja ndiyo bibi kwao, "Jajja, hii ndogo nakuja na programu yake, hapana kubali ingine, ile kubwa nakubali programu yote, lakini ni ngumu kwa mutu naanza," Kiswahili cha hapa Mbarara mjini, kimechongwa kama kuni, namwitikia tu, nimeshika ukingo wa meza, na binti yangu Georgette amekaa ubavuni kama gunia nililosahau kulishusha, mkono wa kuume umelala mapajani, tangu damu impande kichwani mwezi wa pili nusu ya mwili imegoma, mkono ulioandika mabango yote ya Base Camp, pale penye maduka ya kambi, makanisa, saluni, kinu cha unga, miaka kumi na nne tuliyokaa ukimbizini Nakivale umetulisha, sasa haushiki kijiko, nami nina miaka sabini na miwili, nikifa nani atamlisha, kanisa, kanisa nalijua, litaimba vizuri wiki mbili halafu litasahau fasi tunayokaa… mbuzi wetu wote wa kambini wameuzwa kwa ajili ya mashini moja, hakuna mara ya pili, nikikosea leo nimekosea mpaka kaburini, na karatasi ya ruhusa inatutaka kambini kabla ya giza, "Jajja, chagua bwana," anasema Twaibu, yule wa pikipiki anayengoja jina la Mungu libandikwe kwenye tangi lake, "mimi hapa nazeeka kukupita," namwambia azeeke polepole, uso wake haujajiandaa, anacheka, ni kucheka tu tangu nilipomwaga ule mfuko mezani, ee, lile ndilo kosa langu, nilibeba herufi zote za bati za Georgette, alizikata kwa mkasi kutoka makopo ya mafuta ya msaada, unalaza bati juu ya ubao, unapitisha brashi, herufi inabaki, nami nilidhani mashini inameza bati na kutapika stika za namna ileile, Twaibu akashika mlango kwa kucheka, "Jajja nataka mashini nayo ikule chakula ya msaada," lakini Kaudha hakucheka, alichukua ile R yenye mkia, akaigeuza kwenye mwanga, "Nani alikata hii?" na sasa anaeleza, nasikia nusu, kwamba ile ndogo ina herufi zake ndani, za kila mtu, R kama hii haina, ile kubwa unapiga bati picha, kompyuta inafuata ukingo wake polepole, kisu kinakata hivyohivyo, lakini kufuata ukingo ni kazi, miezi ya kujifunza, inataka jicho… miezi, tutakula nini hiyo miezi, na umeme wake, itabidi kumpigia magoti Sebagabo mwenye jenereta, mtu anayetoza hata salamu, hapana, ndogo, ndogo, mbona Georgette ameinua kichwa, tangu mwezi wa pili namwinulia mimi kwa uji, sasa anatazama kioo cha kompyuta, mkono wa kushoto unatambaa mezani kuelekea kile kipanya, nami nimekisogeza mbali naye, nimesema "hataweza," nimesema mimi mama yake, mbele ya Twaibu, amekoma kucheka, na ule mkono umesimama palepale… miaka tisa alikuwa nayo, Uvira, alikwaruza herufi kwenye sufuria yangu mpya, nilimpiga vidole kwa mwiko mpaka vya kuume vikavimba kama ndizi, kesho yake nikamkuta nyuma ya jiko ameshika msumari kwa mkono wa kushoto, sufuria nyingine, R na mkia wake, nzuri kuliko ya jana, nilimpiga tena, nilikuwa nimeiweka wapi siku hii miaka yote, na mimi nasema darasa la pili, nasema nitaiweza mimi, mashini nimekuja kujichagulia mimi, ndogo, nyepesi, rahisi kubeba, hivyo ndivyo watu wanavyochagua jeneza la mtoto, nimekwisha kumzika huyu na bado anapumua ubavuni kwangu… na kama kweli hataweza, je, mbuzi hawarudi, njaa haingoji mtu ajifunze, "Sasa jajja, nafunga gani?" Kaudha ameshika kamba, na ni Georgette anayefungua mdomo, ile nusu inayofunguka, "I… i…" jasho linamtoka, "ile…" na neno linalofuata najua kumpa, tangu mwezi wa pili nammalizia yote, chakula, sala, maneno, anasema ndogo, anasema ile ndogo, limeshafika kwenye ulimi wangu, tamu kabisa, nalibana kwa meno manne yaliyobaki, ninyamaze, hata akikaa hapo mpaka ruhusa iishe ninyamaze, "ile…" anasema, anavuta pumzi, Kaudha anangoja na kamba yake katikati ya mashini mbili, nami nakisukuma kile kipanya, kidogo, kidogo tena, mpaka kinagusa vidole vyake vya kushoto…