Ngozi ya Mkono wa Shangazi

Kosa lilianzia kwenye cherehani, na mkosaji ni yule msomi, si mshonaji. Shangazi alimuuliza mpwa wake huko maabara wanafanya nini hasa, naye, badala ya kujibu kwa kifupi, akaokota bobini ya uzi mezani na kuanza kuhubiri. Kila seli ya mwili, alisema, ina uzi uleule wenye maelekezo yote: ya ngozi, ya ini, ya moyo. Lakini uzi huo umezungushwa kwenye vibobini vya protini. Palipolegea panasomeka, palipokazwa hapasomeki, ndiyo maana ngozi hubaki ngozi maisha yake yote. Kule kwao wanaupanga uzi upya, seli inarudi uchangani, kisha wanaielekeza iwe seli ya moyo.

“Ya moyo,” Shangazi alirudia, na mguu wake ukatulia kwenye pedeli.

Alikuwa na sababu ya kutulia. Vali ya moyo wake ilikuwa imechakaa, hata kutandika kitanda kulimwacha akihema, na hospitali walishamwambia upasuaji usicheleweshwe. Kwa hiyo maabara ilipotafuta watu wa kujitolea, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Wakamkata kipande cha ngozi ya mkono, kidogo kuliko punje ya mtama. Alielezwa kwamba ni cha utafiti tu, naye akaitikia vile watu wanavyoitikia matangazo ya redio.

Siku ya upasuaji ilipofika, mpwa alienda kumchukua akamkuta anapinda mikono ya blauzi ya mteja. Hajafunga hata begi. Alipomuuliza, Shangazi alicheka, akasema haoni haja ya kutia kiraka gauni kuukuu wakati jipya liko kwa fundi.

Mpwa alielewa papo hapo. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, na hapo ndipo ulimi ulipomwia mzito. Huyu ndiye mama aliyemlea, aliyempigia pasi sare za shule na kujisifu kwa wateja kuwa ana daktari wake mwenyewe nyumbani. Akajidanganya kwamba atamwambia wiki ijayo, na siku ya upasuaji ikapita. Wiki ijayo, kama tujuavyo, haina haraka ya kufika.

Seli nazo zilikuwa mbishi kama mwenyewe. Kila asubuhi mpwa alizikagua kwa hadubini, na kila asubuhi alikuta vikundi vilivyoteleza kurudi kwenye ungozi wao, kwa kuwa uzi ulikuwa haujalegea sawasawa. Alivikwangua akavitupa, akabakiza vilivyokubali. Mpaka asubuhi moja akachungulia, akaona utando mwembamba ukijikunja na kujikunjua wenyewe. Alifurahi kama mtoto. Kisha akakumbuka miguu ya Shangazi iliyovimba hata haiingii viatuni, na furaha yote ikageuka woga.

Alimpeleka maabara siku hiyohiyo, akamvika koti jeupe lililomzidi, akamkalisha mbele ya hadubini. Shangazi alichungulia kwa muda mrefu, na vidole vyake vikaanza kugonga meza taratibu, kufuata mapigo yale.

“Zinadunda,” alisema. “Lini mnaniwekea?”

“Haziwekwi, Shangazi. Ni za kujaribia dawa. Hata tungetaka, hatujui bado namna ya kukuwekea ukapona. Nilipaswa kukuambia siku ile uliponiambia habari za gauni. Niliona aibu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kungeweza kukuua.”

Shangazi alibaki ameinamia hadubini. Mpwa aliendelea kueleza: kwamba walipozirudisha uchangani walifuta karibu alama zote ambazo umri uliziacha juu ya uzi, na kwamba hizo anazoziona zinadunda kama za mtoto ambaye bado yumo tumboni.

“Kwa hiyo hazijaishi na mimi.”

“Hapana.”

“Msiba wa kaka yangu hazikuuona.”

“Hapana, Shangazi.”

Kaka huyo ndiye baba yake mpwa. Walikuwa hawamtaji ovyo, na sasa mpwa alisimama ameshika meza, machozi yakimtiririka waziwazi. Alitamani atukanwe, maana tusi lingekuwa jepesi zaidi.

Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa na hasira. Alimvuta mpwa wake kwa koti mpaka wakakaribiana, akambonyeza kichwa kifuani pake kwa nguvu kidogo.

“Siku walipokuleta kwangu ulilia mpaka sauti ikakukauka,” alisema. “Maziwa ulikataa, kubembelezwa ulikataa. Ulinyamaza nilipokulaza hapa, ukausikia moyo huu. Nipeleke basi wakautengeneze huuhuu.”