Shokapu za Gari la Maji

Jumanne moja ya mwaka 1953, saa tisa alasiri, pikapu ya mgodi huko Geita ilirudi kutoka ziwani ikivuta tela la mapipa manane ya maji, na mapipa yote yalikuwa nusu. Dereva wake, Nkwabi, alitoa sababu bila kupepesa macho: wale saba walikuwa wamepanda tena.

Wale saba walifukiwa na Shimo Namba Nne wakati wa masika. Meneja hakutaka kufukua, maana kufukua kungesimamisha kazi, kwa hiyo daftari la mgodi likaandikwa kwamba wametoroka. Mmoja wao alikuwa Mabula wa Didia, kaka yake Nkwabi, mtu ambaye hakuwahi kukimbia hata mvua akiwa shambani. Tangu hapo, kila gari likipita karibu na shimo walipanda nyuma na vumbi lao, wakajipanga mistari miwili, wakaanza kazi. Walifanya kama vijana wa Kisukuma wanavyolima shamba la jirani, ila kwa sururu badala ya majembe: juu kwa pamoja, chini kwa pamoja, na wimbo katikati. Gari lilirukaruka, tela likayumba, maji yakamwagika barabarani.

Fundi Herman, Mhaya mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alikosea mwanzoni. Alisikia watu saba, akaongeza springi. Nyuma ya gari ikainuka, mshindo ukabaki palepale.

"Nimekuwa mjinga," alimwambia Nkwabi. "Springi ni za kubeba uzito. Marehemu hana uzito, ana mshindo. Mshindo ni kazi ya shokapu."

Meneja aliidhinisha shokapu mpya siku hiyo hiyo. Habari za maiti hakuzipenda, lakini maji aliyapenda, na mshindo ule ulipita mbele ya ofisi yake kila alasiri ukimwaga wino wake mezani. Jozi mbili za shokapu za nyuma zililetwa kwa treni hadi Shinyanga: ngumu za lori, na laini za gari dogo. Dereva achague, alisema, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa juu yake.

Herman alifunga kwanza zile za lori. Akaikandamiza nyuma ya gari kwa uzito wake wote, akaachia. Ikapanda mara moja, ikatulia. Safari ya majaribio nayo ilikwenda vizuri mno. Wale saba walipanda, wakainua sururu, wakashusha, na hakuna kilichosikika. Mapipa yalifika yamejaa pomoni. Meneja alitoka barazani akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi.

Lakini Nkwabi alikuwa ametazama nyuma kupitia kioo, akamwona kaka yake anafumbua kinywa kuimba na sauti haitoki. Bila mshindo, wimbo haukuwa na pa kushika. "Iliniuma kuliko siku ya shimo lenyewe," alisema baadaye, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

"Zifungue," alimwambia Herman.

"Hizi ndizo za gari la kuvuta, ndugu yangu. Ukiweka laini, tela litakuyumbisha. Siku moja litakulaza korongoni."

"Nitakwenda polepole."

"Na mgongo wako je?"

"Mgongo ni wangu. Wenzetu wamezikwa mara moja bila sanda. Mimi siwaziki mara ya pili kwa spana."

Herman akazifungua. Alipofunga za gari dogo na kukandamiza, nyuma ikacheza mara tatu, nne, tano, ndipo ikachoka. Kisha Nkwabi akatafuta mifuniko, akayafunga mapipa yote manane kwa kamba za katani, ili asisingiziwe kumwaga maji.

Alasiri iliyofuata, maji yalifika kamili na mshindo ukafika kamili. Meneja aliagiza barabara isawazishwe. Ikasawazishwa, mshindo ukasikika vizuri zaidi.

Mwisho wa mwezi askari wa boma alikuja kuwatafuta watoro. Alianza na Melania, mke wa Mabula, aliyekuwa akiuza viazi vitamu kwenye lango la mgodi.

"Mama Justa, mumeo yuko wapi?"

"Yuko kazini," alijibu Melania, akiendelea kumenya. "Hajakosa hata siku moja. Lile linakuja, panda umkamate."

Gari lilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mabula alikuwa mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, jasho linamtiririka. Askari, aliyekuwa Msukuma wa Kagongwa, alivua kofia.

"Mwadila," akasalimia.

"Mwadila," wakaitika wote saba, bila kuacha kazi.

Askari akavaa kofia yake, akatoa penseli, akaandika: hawakuonekana.