Basadi Aliyesimama Kando ya Basadi

Gomolemo alikuwa jikoni akimenya boga mama yake alipoingia kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu, amevaa gauni la hospitali, akauliza ni nani aliyetia kufuli jipya mlango wa mbele.

"Baba," alisema Gomolemo. "Anadai mtaa umeharibika."

"Mtaa upi? Yeye anaujua mtaa huu?"

Basadi Tlhaole akavuta kiti, akaketi. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa amelazwa katika hospitali moja pale Kimberley, mshipa wa kichwani umepasuka, mashine ikimpumulia. Gomolemo akafuta mikono, akapiga simu wodini. Muuguzi alikwenda kutazama, akarudi akasema mgonjwa yuko kitandani vilevile.

"Basi na huku yuko," alisema Gomolemo.

"Haya," alisema muuguzi. "Akija kuangalia wagonjwa avae kandambili, tunapiga deki."

Boga lilipoiva Basadi alilionja, akasema limezidi sukari, kisha akataka kujua habari za mumewe.

Otsile Tlhaole aliondoka Galeshewe, mtaa wao huu, Gomolemo akiwa darasa la pili. Alikwenda migodini Rustenburg, akapata mwanamke huko, hata salamu akaacha kutuma. Talaka haikutolewa, Basadi alisema hana nauli ya kupoteza kwa mtu asiyekuwepo. Lakini mara tu mshipa ulipopasuka, kabla hata shangazi hawajapigiwa simu, Otsile alishuka kwenye teksi na mabegi yake yote. Nani alimpa habari? Hakusema. Akalala chumba cha mkewe. Na daktari alipouliza ni nani atakayemsemea mgonjwa, alikwishasimama, kofia mkononi.

"Na anasemaje?" aliuliza Basadi.

"Uachwe kwenye mashine mpaka Mungu aamue."

"Mungu gani huyo anayetegemea umeme?"

Msimamo wa Basadi ulijulikana. Dada yake alikuwa amefia kwenye mashine ya namna ile baada ya miezi mingi, mgongo wote vidonda. Alhamisi iliyofuata mazishi, Basadi alisimama katika ibada ya akina mama wa kanisa, katika blauzi yake nyekundu, akasema: "Nikianguka nisiamke, msinifungie kwenye mashine. Nirudisheni nyumbani, mnioshe, mniimbie." Wanawake wote wakaitika amina.

Siku ya pili mama na binti walikwenda hospitali. Basadi alisimama kando ya kitanda, akamtazama Basadi aliyelala, akamvutia shuka kufunika miguu.

"Hili bomba silitaki," alimwambia Daktari Esterhuizen.

"Nakusikia, mama," alisema daktari, ambaye alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. "Je, kuna mtu uliyemteua kwa maandishi akusemee?"

"Nilisema mbele ya kanisa zima."

"Sheria inataka maandishi. Yasipokuwepo, wa kwanza ni mume. Mtoto anafuata nyuma."

"Nipe kalamu, basi."

Akaandika jina la Gomolemo, akatia saini. Sista Maponyane, mkuu wa wodi, aliilinganisha na saini ya kitambulisho, akakiri ni ileile. Ila mwandishi sharti awe na fahamu, akasema, na mgonjwa wake hana. Yeye alikuwa akiutazama mkono wa aliye kitandani muda wote, na haukusogea. Kisha akamgeukia Gomolemo.

"Samahani, dada. Mama akifariki, nyumba inabaki kwa nani?"

Gomolemo alijipekua moyoni kama mtu anayepekua mkoba wake mwenyewe mbele ya askari, akakuta uchovu, na chini ya uchovu hamu ya jambo hili kwisha. Akaogopa kwamba sista ameiona.

Otsile akaingia na chungwa. Alimtazama mkewe aliyesimama, juu hadi chini.

"Kama wewe ni Basadi, siku ya harusi nilivaa viatu vya nani?"

"Vya mdogo wako Thuso. Vilikubana ukavivua madhabahuni, soksi imetoboka."

Otsile akatazama sakafu. "Hayo hata binti angemfundisha."

Gomolemo alikuwa hajawahi kuyasikia.

"Baba, sema ukweli. Unamtakia nini?"

"Nangoja aamke," alisema Otsile, na sauti yake ilitetemeka, au aliitetemesha. "Nimwombe radhi."

"Niombe," alisema Basadi.

Otsile akampita, akaketi upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono uliolala.

"Namngoja huyu."

Jumatatu Otsile aliridhia mgonjwa atobolewe koo ili bomba likae vizuri. Basadi alikuwa kwenye korido akimwambia bintiye ni mbegu gani apande uani baada ya mvua. Alipofika kwenye maharage sauti ikakatika. Akapeleka mkono kooni, midomo ikaendelea kidogo, kisha akaifunga.

Mchana huo Sista Maponyane alisema wanaoingia wodini ni jamaa tu, na kila mmoja ajitaje. Basadi hakuweza kujitaja. Gomolemo alipomtaja, sista aliomba athibitishe mwenye kauli.

"Bwana Tlhaole, unamfahamu mama huyu?"

"Simfahamu," alisema Otsile, bila kumtazama.

Askari akamwongoza Basadi taratibu, kwa heshima, hadi nje, kwenye benchi refu lililoegemea ukuta wa chumba cha kufulia. Gomolemo akamfuata. Watu walikuwa wamekwisha kaa pale, wote katika magauni ya hospitali: mzee mmoja wa Taung, msichana mwenye nywele zilizonyolewa upande mmoja, mwanamume mnene aliyekuwa akisuka kamba ya viatu. Wengi walikuwa na vitambaa shingoni.

Msichana ndiye aliyekuwa bado na sauti.

"Karibu, mama. Wewe anakusemea nani?"

"Mume," alijibu Gomolemo.

"Mimi kaka," alisema msichana. "Mzee huyu, mwanawe aliyeko Ulaya."

Wakasogea, Basadi akaketi.