Mpira wa Bustani ya Saa Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kukagua bustani, na hilo peke yake lingetosha kuniambia kwamba naota, maana mimi bustani huikagulia mezani.

Naitwa Gaudensi. Ofisini na mtaani wananiita Bwana Bustani, kwa sababu tangu mji wetu upandishwe hadhi kuwa manispaa, miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye msimamizi wa bustani ya umma. Ni moja tu. Ipo kwenye mteremko kati ya soko na stendi mpya, na watu huiita Bustani ya Saa Sita kwa kuwa saa sita mchana wachuuzi hukimbilia pale kutafuta kivuli. Kivuli chenyewe hakipo. Wanakimbilia kwa matumaini.

Katika ndoto jua lilikuwa la saa sita hasa. Mlangoni lilisimama lile bango la kanuni tatu nilizozitunga mwenyewe, ila safari hii lilikuwa limevaa sare ya mlinzi na linakula karanga.

"Shikamoo," nikaliambia, sijui kwa nini. Bango lina miaka mitatu tu.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kukagua."

"Kanuni ya kwanza inasema usikanyage majani."

Nikachungulia ndani. Kulikuwa na vumbi jekundu kutoka ukuta hadi ukuta, na maganda ya miwa.

"Mbona hakuna majani," nikasema.

Bango likafuta mikono, likatoa karatasi mfukoni. "Taarifa ya robo ya tatu ya mwaka. 'Majani yameota vizuri na kufunika eneo lote.' Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi hakuna pa kukanyaga."

Nikasimama pale kwenye jua, mkoba wangu kwapani. Benchi moja likanihurumia, likaja mlangoni likinitolea mgongo. Lilikuwa na miguu mitatu. Nikapanda, likaanza kuchechemea kupanda mteremko.

"Samahani kwa mwendo," likasema. "Mguu wa nne ulikarabatiwa."

Lilisema bila kinyongo chochote. Mimi ndiye niliyeandika kwamba umekarabatiwa, na nilitamani kushuka, lakini kanuni ilikuwa kanuni.

Juu kabisa mashimo ya miti yalikuwa kwenye kikao. Hapa inabidi nieleze jambo ambalo ofisini kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Mashimo yapo manane. Kila mwaka, siku ya kupanda miti, mgeni rasmi hupanda mche katika shimo la kwanza, na wakuu wa idara katika yale saba. Miche ikifa tunakaa kimya hadi mwaka unaofuata, tunang'oa vijiti, tunapanda mingine katika mashimo yaleyale. Udongo wa pale ni mgumu, kuchimba upya ni kujichosha bure, na picha hutoka vilevile. Kwenye taarifa, hata hivyo, miti hujumlishwa. Mwaka huu imefika ishirini na minne.

Shimo la Kwanza lilikuwa mwenyekiti, kwa kuwa limezoea kukaa na wakubwa.

"Miti iliyoalikwa ni ishirini na minne," likasema. "Waliohudhuria wanyooshe mkono."

Kule mwisho, katika Shimo la Nane, mche mmoja wenye majani mawili ukainua jani moja.

"Mmoja. Akidi haijatimia, lakini tutaendelea, tumechoka kuahirisha. Mimi nimepandwa mara tatu. Wenzangu wa miji mingine wana mizizi. Mimi nina picha tatu. Ajenda ni moja: nani alituzuilia maji?"

Mashimo yote manane yakanigeukia. Shimo halina uso, lakini likikutazama unajua.

Nikafungua mkoba, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Ndani mlikuwa na barua niliyoiandika Ijumaa, barua ya kweli, ambayo leo Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa kuikabidhi kwa Ofisa Utumishi. Inapendekeza kwamba Bi. Tekla, mtunza bustani, aachishwe kazi kwa uzembe wa kutomwagilia miche. Bi. Tekla ana miaka hamsini na minane na goti bovu. Amebakiza miaka miwili tu astaafu. Nikaisoma barua hadi mwisho, na nilipomaliza mashimo yalikuwa bado yananitazama.

"Alimwagilia kwa chombo gani?" likauliza Shimo la Tatu.

"Kwa ndoo."

"Kwa nini ndoo? Bomba liko chini, stendi. Manispaa ilinunua mpira wa mita hamsini. Uko wapi?"

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Kulikuwa na changamoto ya vitendea kazi."

"Kitendea kazi kipi?"

"Suala linashughulikiwa na mamlaka husika."

"Mamlaka husika ni nani?"

"Ni mimi."

Nilipotamka hivyo bustani haikuwepo tena. Tupo nyumbani kwangu, uani, mashimo manane yamejipanga kando ya banda la kuku kama wageni waliokuja na posa. Ua wangu ni wa kijani kuliko ua wowote katika mtaa ule. Nina waridi, nina michongoma iliyokatwa ikanyooka, nina majani laini ambayo watoto wangu hawaruhusiwi kuyachezea. Mkurugenzi alipopita mwaka jana alisimamisha gari, akasema kweli huyu ndiye Bwana Bustani. Nilicheka siku hiyo, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ukutani, kwenye msumari, mpira umening'inia. Ni wa kijani, na una maandishi meupe, BUSTANI YA MANISPAA. Huwa naugeuza ili maandishi yatazame ukuta. Sasa unajigeuza wenyewe, taratibu, hadi herufi zote zinasomeka.

"Habari za kazini?" mpira unaniuliza.

"Nzuri."

"Mimi nilikaa kazini wiki moja. Ukanitia kwenye gunia siku ya Jumamosi, ukasema ni kwa Jumapili hii tu. Kanuni ya tatu inakataza kutoa kitu cha bustani nje ya bustani. Nilipita mlangoni ndani ya gunia, bango likakupigia saluti."

"Sikujua ni mpira," linasema bango, lililokuwa limetufuata na karanga zake. "Nilidhani ni majani ya mbuzi."

"Nilipanga kuurudisha," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Afadhali wangebisha. Waridi zikatazama chini, na mimi nikakumbuka kitu nisichotaka kukikumbuka. Mwezi uliopita Bi. Tekla alinisimamisha kwenye korido, akaniuliza, "Bosi, ule mpira wetu, ulishapatikana?" Nikamwambia, "Linashughulikiwa, mama." Akasema, "Asante, baba. Mungu akubariki." Nilikuwa nimetoka kumwagilia waridi asubuhi ile, na pindo la suruali yangu lilikuwa bado bichi. Tangu siku hiyo nikimwona kwa mbali napitia mlango wa nyuma. Hata shikamoo sikumpa tena.

"Kikao kimeamua," likasema Shimo la Kwanza. "Taarifa inadai miti ishirini na minne. Tunaye mmoja. Pengo lijazwe."

Tukawa bustanini tena. Benchi likanishusha, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine halali pa kuweka miguu, nikaingia katika Shimo la Kwanza. Udongo ukanifunika hadi magotini, ukashindiliwa vizuri, kazi ambayo sijawahi kuona ikifanywa pale. Mpiga picha akapiga picha moja, akaondoka, na watu wote wakaondoka naye, kama ilivyo kila mwaka.

Nikabaki.

Sikuwahi kukaa bustanini pale zaidi ya muda wa hotuba. Sasa nimesimama, jua linanichoma utosini, midomo inapasuka. Wachuuzi wanapita, mmoja anajaribu kukaa kwenye kivuli changu, hakimtoshi, anasonya na kwenda zake. Saa zinapita na sijui ni ngapi. Nina kiu ambayo siwezi kuieleza, na kiu yenyewe si kitu ikilinganishwa na aibu, maana nimetambua kwamba ninasubiri kitu kimoja tu, namsubiri Bi. Tekla, na barua yake ninayo mkononi.

Akatokea chini, upande wa stendi. Ndoo kichwani, kopo la plastiki linaelea ndani yake, mguu mmoja anauburuta. Alipanda mteremko ule akipumzika mara tatu, na kila alipopumzika nilihesabu hatua zilizobaki. Barua nikaificha nyuma ya mgongo.

Alinikuta, hakushangaa. Alinitazama jinsi anavyotazama mche wowote.

"Na wewe wamekupanda, bosi?"

"Ndiyo."

"Wamekushindilia vizuri. Ile mingine waliipanda ovyo."

Akatua ndoo. Maji yalikuwa yamemwagikia njiani, yamebaki ya kopo moja. Nikatazama Shimo la Nane, ule mche wa majani mawili ulikuwa umejikunja. Nikajua hesabu yake kabla hajaisema.

"Mpe ule," nikasema. "Mimi usinipe."

"Wewe ndio kwanza umepandwa. Ule utavumilia, umezoea."

"Mama, mimi usinipe."

"Kanuni ya pili," akasema Bi. Tekla. "Kila kilichopandwa kimwagiliwe. Si uliandika mwenyewe?"

Akanimwagia kopo lote miguuni, polepole, akizungusha ili maji yasikimbie. Kisha akachana pindo la kitenge chake, cha njano chenye kanga weusi, akanifunga kipande kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mafundo mawili. Ndivyo anavyofanya kwa kila mche aliokwisha kuumwagilia, asije akasahau akarudia mmoja na kuuruka mwingine. Nilishaviona vitambaa vile kwenye vijiti vikavu. Kwenye taarifa niliviita uchafu.

"Mama Tekla," nikasema, "mpira uko kwangu. Uko ukutani kwangu miaka mitatu."

Sentensi ilitoka nzima, bila mamlaka husika. Bi. Tekla alikuwa anainua ndoo tupu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Napita pale kila Jumapili nikitoka kanisani. Ua wako unapendeza."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani amechelewa kama kawaida yake, na mke wangu alikuwa anakunja chandarua upande wake. Nilikuwa na machozi, nikayafuta na shuka upesi ili asione. Mkoba ulikuwa juu ya kiti. Nikachukua barua, nikaichana mara mbili, halafu mara nne, na mke wangu akaacha kukunja.

"Baba Fausta, si hiyo uliyokesha Ijumaa ukiiandika?"

"Ndiyo hiyo."

Nikatoka uani na kaptura ya kulalia. Mpira ulikuwa kwenye msumari, maandishi yametazama ukuta kama nilivyoyaacha. Nikauteremsha, nikauviringa begani, herufi nyeupe nje. Ulikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka. Mke wangu alinifuata hadi mlangoni.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Kazini."

"Subiri basi gunia."

"Gunia sitaki."

"Watu wanakwenda sokoni saa hizi. Watakuona, watasoma."

"Wasome."

Alikuwa hatazami mpira tena, alikuwa anatazama mkono niliouinua kuushikilia begani.

"Hicho kitambaa," akasema, "nani amekufunga?"

Kilikuwa cha njano, chenye kanga weusi, na kilikuwa bado kibichi. Nilijaribu kukifungua kwa mkono wa kushoto nikashindwa, kwa sababu mafundo yalikuwa mawili na yamefungwa na mtu anayejua kazi yake.